Kafara Bila Mbuzi

Mei 2008, katika vijiji vya Nyakeo na Kegogi huko Kisii, Kenya, nchi ya Abagusii, kundi la watu lilipita nyumba hadi nyumba likiwa na orodha ya majina. Iliripotiwa kwamba majina yale yalitoka katika daftari lililookotwa kwenye shule ya msingi, daftari lililodaiwa kuwa na kumbukumbu za kikao cha wachawi: nani alihudhuria, na nani amepangiwa kulogwa. Watu 11 waliuawa na kuchomwa moto, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao vikongwe. Nyumba zilichomwa pamoja na vilivyokuwamo.

Nimelifikiria sana lile daftari. Mchawi wa Gusii, omorogi, ana sifa zinazojulikana na kila mtoto aliyelelewa Kitutu au Mugirango. Hutoka usiku, hukimbia uchi akiwa na chungu chenye moto, hufukua makaburi, na kazi yake huirithi kwa mzazi. Sijasikia ngano ya wazee inayompa katibu. Aliyelitunga daftari lile, ikiwa kweli lilikuwapo, alikuwa mtu wa zama za harambee na kamati za shule, mtu asiyeweza kuwawazia watu wakikutana bila ajenda na saini. Siku ya kawaida kijiji kizima kingevunjika mbavu. Siku ile hakucheka mtu, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuifuata, maana haikuanza 2008, wala haikuanza na vijana wasio na kazi, kama tunavyopenda kusema kwenye mabaraza.

Robert na Barbara LeVine, wanaanthropolojia wa Marekani, waliishi kati ya 1955 na 1957 katika mtaa wa Gusii ambao kitabuni mwao waliuita Nyansongo. Kitabu kilitoka mwaka 1966. Philip Mayer alikuwa amewatangulia katika miaka ya 1940, na mwaka 1954 akatoa mhadhara mzima juu ya wachawi, akichota humu humu. Ukiyaweka waliyoyaandika kando ya yale ambayo wazee wetu bado wanayakumbuka, unaiona nyumba iliyofikwa na balaa. Mtoto anaharisha wala haponi. Mke ameharibu mimba, kisha nyingine. Nyoka amekutwa ndani na hataki kufukuzika. Mwenye boma hakimbilii kumtaja mtu. Anakwenda kwa omoragori, mpiga ramli, ambaye kwa Abagusii mara nyingi alikuwa mwanamke.

Omoragori alikuwa na majibu ya namna mbili. La kwanza lilimrudia aliyeuliza: ebirecha, mizimu ya waliotangulia, imekasirika. Labda kuna marehemu ambaye hakuchinjiwa inavyopasa, au ahadi iliyotolewa mbele ya mgonjwa mahututi na haikutimizwa, au kiapo kilichovunjwa na ndugu wakakinyamazia. Dawa yake ilikuwa ekeng'wanso, kafara ya mnyama. Jibu la pili lilielekea nje ya boma: kuna mtu hapa karibu, jirani, mke mwenza, mke wa ndugu yako, anayewala wanao.

Asidhani msomaji kwamba jibu la kwanza lilipokewa kwa furaha. Ng'ombe na mbuzi ndio mahari ya mwana, ndio akiba ya njaa, ndio heshima ya mtu akisimama kati ya wenzake. Kwa hiyo watu walikawia. Mzimu ulidai, wakajitia uziwi, mpaka balaa la pili likabisha hodi. Abagusii hawakuwa watu wa kutambika kila mwezi mwandamo ili mambo yaende salama. Walitambika walipobanwa, na walitoa wakiumia. Mimi naona uchungu huo ndio uliokuwa kiini cha jambo lenyewe. Mnyama alitoka katika zizi la mwenye shida. Wazee wa ukoo waliitwa, hata wale waliokuwa hawasalimiani, na haiwezekani kula nyama ya kafara ya marehemu baba yenu huku mkijifanya hamjui ni kipi alichonyimwa. Mgonjwa aliweza kufa vilevile, kwa kuwa kuhara damu hakutibiwi kwa mbuzi. Lakini usiku ule hakuna bikizee aliyelala akiwaza kama mlango wake utafungiwa kwa nje.

Hata jibu la pili lilikuwa na bei, na aliyeilipa ni yule yule aliyekwenda kuuliza. Aliyeambiwa amelogwa alimtafuta mtaalamu wa dawa za kujikinga, omonyamosira, ambaye hakufanya kazi ya bure. Dawa iliwekwa, na mchawi akaachiwa iende imtafute yenyewe. Sisemi kwamba hakuna aliyeuawa zamani hizo. Waliuawa, na sina haja ya kuwachonga wazee katika jiwe la Tabaka ili wawe sanamu za hekima. Nasema tu kwamba njia zilikuwa mbili, na ile ya mbuzi ilibeba sehemu kubwa ya mzigo. Ilimpa mtu mwenye msiba kazi ya kufanya, ikamweleza kwamba chanzo huenda kimo ndani ya ua wake, na ikamdai malipo.

Desturi ya kutoa uhai ili uhai mwingine upone imeenea duniani kote, na popote ulipo unaweza kuipima kwa kuuliza nani aliyekilipia kinachochinjwa. Katika sura ya 16 ya Mambo ya Walawi kuna mbuzi wawili: mmoja anachinjwa, wa pili anabebeshwa makosa ya taifa zima na kupelekwa nyikani kwa Azazeli. Wahubiri wetu humpenda huyu wa pili. Wachache husimama kwenye mistari iliyotangulia, ambapo Haruni, kuhani mkuu mwenyewe, anaamriwa alete kwanza fahali kwa ajili ya dhambi yake na ya nyumba yake. Kabla hajazigusa dhambi za watu, alipe la kwake. Mwislamu anayechinja siku ya Idi humtoa mnyama wa mali yake halali, na nyama inagawanywa, jamaa wapate na maskini wapate. Huko Lamu ng'ombe alizungushwa mjini kabla ya kuchinjwa ili balaa la mji lisombwe naye, na wenye mji ndio waliomtoa.

Sasa tazama Abdera, mji wa kale wa Wagiriki katika pwani ya Thrace. Nao walikuwa na mzunguko wao wa kuusafisha mji, ila aliyezungushwa alikuwa mtu. Walimnunua fukara, wakamlisha chakula kizuri, wakamtembeza nje ya kuta, kisha wakamfukuza kwa mawe mpaka avuke mpaka. Warumi, ambao hadi leo tunafundishwa kuwa walimu wa sheria, waliposhindwa vibaya na Hannibal huko Cannae mwaka 216 KK, walizika watu wanne wakiwa hai katika soko la ng'ombe: Mgalia na mwanamke wa Kigalia, Mgiriki na mwanamke wa Kigiriki. Seneti yao ilipiga marufuku kafara ya watu mwaka 97 KK. Huko Anyang, China, wafalme wa nasaba ya Shang waliandika ramli zao kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kasa, na miongoni mwa maswali yaliyosalia hadi leo ni idadi ya mateka wa Qiang wa kutolewa kwa babu wa mfalme. Babu ni wa mfalme, shida ni ya mfalme, damu ni ya Mqiang.

Kisha kuna Huanchaquito, kwenye pwani ya Peru, ambapo wanaakiolojia walifukua miili ya watoto zaidi ya 130 na llama zaidi ya 200, waliouawa pamoja karibu mwaka 1450 chini ya dola ya Chimú. Miili ililala katika tabaka la matope mazito. Pwani ile ni kavu, na matope ya namna hiyo huletwa na mvua za El Niño, kwa hiyo wachunguzi wengi huamini kwamba watoto wale walitolewa ili mvua ikome. Walikuwa wametoka sehemu mbalimbali za dola. Nikisoma habari hizo najikuta nikiwaza juu ya wale walioamua, kwamba waliketi ukumbini wakijadili mvua, na kwamba hakuna anayejua kama kati ya watoto wale alikuwamo hata mmoja wa kwao.

René Girard, mwanafikra wa Ufaransa, alitoa kitabu mwaka 1972 akidai kwamba anayechaguliwa kuwa kafara ya umma ana sifa moja inayomtofautisha na wengine: akifa, hakuna wa kulipiza kisasi. Mateka, mtumwa, mgeni, fukara, kilema. Wataalamu wamempinga Girard kwa mengi, na mengine ameyavuta mno kuelekea dini yake, lakini kwa hili sijaona wa kumwangusha. Chukua kipimo chake ukiweke Kegogi. Nani pale hakuwa na wa kumlipizia? Mjane ambaye wanawe wako Nairobi. Mzee aliyezika ndugu zake wote. Mwanamke aliyeolewa kutoka mbali na hakujaliwa mtoto wa kiume.

Sasa turudi kwenye zile njia mbili, tuone mojawapo ilifungwaje. Waingereza walituma majeshi Gusii mwaka 1905 na tena 1908, mara hii ya pili baada ya Otenyo, mpiganaji wa Gusii, kumchoma mkuki afisa wao, G. A. S. Northcote. Mara zote mbili mifugo ilitekwa kwa maelfu. Miaka michache baadaye serikali ikazivunja ebisarate, kambi ambako vijana walilinda ng'ombe. Wakati huo huo wakaja wamisheni: Wakatoliki walifungua Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafuata upesi huko Nyanchwa. Makanisa hayo mawili ndiyo yaliyoilea Gusii ya leo kwa shule na hospitali, na hakuna wa kuwanyima shukrani hiyo. Ila kwa habari ya ekeng'wanso hawakuwa na mzaha. Kuchinjia mizimu ni ibada ya sanamu. Mshiriki aliyekula nyama ile alitengwa. Kizazi kimoja, viwili, na mtu mwenye heshima zake akawa hawezi kukiri hadharani kwamba amekwenda kwa omoragori au kwamba amemchinjia marehemu baba yake.

Njia ya kwanza ikafungwa. Ya pili je? Hapo ndipo penye kasoro. Mhubiri aliyesema mizimu ni uongo hakusema hivyo kuhusu mchawi. Mara nyingi alimthibitisha: Biblia inamtaja, Shetani ana watumishi wake, na katika mikesha mingi ya maombi leo bado utasikia habari za nguvu za giza katika ukoo. Tuliambiwa tuache nusu ya maelezo ya zamani ya misiba, ile nusu iliyomfanya mwenye msiba ajichunguze na atoe mali yake. Nusu iliyomnyooshea kidole jirani ikabaki, tena sasa ikiwa na baraka za mimbari. Ugonjwa wote uliokuwa ukigawanyika kati ya babu aliyekasirika na mwanamke wa nyumba ya pili ukamwangukia mwanamke wa nyumba ya pili peke yake.

Hili halikutokea kwetu tu. Mwanahistoria Keith Thomas, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya Uingereza ya karne ya 16 na 17, alionyesha kwamba Waprotestanti walipofuta maji ya baraka, mishumaa na maombi kwa watakatifu, waliwanyang'anya watu kinga dhidi ya uchawi bila kuwanyang'anya imani ya uchawi. Kilichobaki kilikuwa ni kumpeleka bibi wa jirani mahakamani. Na bibi huyo, kwa mujibu wa kesi alizozichunguza, mara nyingi alikuwa ndiye aliyepita juzi kuomba maziwa kidogo akafukuzwa mlangoni. Aliyemfukuza alirudi ndani na dhamiri inayomchoma. Ng'ombe alipougua, akajua ni nani. Kwetu kisa hicho kinahitaji kubadilishwa majina tu.

Nisieleweke kwamba mtu akitoa mnyama wake mwenyewe basi amesalimika na upumbavu. Mwaka 1913 huko Alego, kwenye nchi ya Wajaluo, Onyango Dunde alidai kumezwa na nyoka mkubwa aliyetoka ziwani na kutapikwa akiwa na ujumbe wa mungu aitwaye Mumbo: Wazungu wataondoka, msilime, chinjeni mifugo mle, na mumtolee Mumbo sadaka, kwa maana mali nyingine itakuja yenyewe. Habari zikafika Gusii. Septemba 1914 Wajerumani walipoushambulia mji wa Kisii na Waingereza wakauacha kwa muda, wengi waliona unabii umetimia, wakaingia madukani na maofisini wakapora. Waingereza waliporudi walilipiza kwa ukali. Viongozi wa Mumbo walipelekwa uhamishoni Lamu mwaka 1921, na dini hiyo ikapigwa marufuku tena mwaka 1954. Waliochinja fahali zao wakingoja mali ya ziwani hawakupata kitu. Waxhosa wa Afrika Kusini walifanya kubwa kuliko hilo mwaka 1856 na 1857, wakaua ng'ombe zao kwa neno la msichana Nongqawuse, na watu wapatao 40,000 wakafa njaa. Kwa hiyo mbuzi wako anaweza kupotea bure. Tofauti ni kwamba aliyekosea ndiye aliyelala njaa, na mwaka uliofuata alijua pa kuelekeza lawama.

Katika mauaji ya wachawi anayekosea halali njaa. Pengine hushiba. Sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Kisii ikiwa na watu 957 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira, iliyomegwa kutoka Kisii na kuwa wilaya mwaka 1987, ikiwa na 675. Simama juu ya majabali ya Manga utazame pande zote mbili: ndizi, chai, mahindi, nyumba, ndizi tena, wala hakuna pa kutupa jiwe lisimwangukie mtu. Shamba la mjane ni ukanda mwembamba unaoshuka mtoni, na pembeni yake kuna watoto wa shemeji zake watatu wasio na pa kujenga. Imeandikwa tena na tena, na wazee wa kamati za ardhi watakwambia bila kificho, kwamba tuhuma nyingi za uchawi zina kesi ya mpaka nyuma yake. Mtu akishachomwa pamoja na nyumba, na watoto wake wakaogopa kurudi hata kumzika, ule ukanda hautakaa bila kulimwa.

Justus Ogembo, mwana wa Gusii, alichapisha mwaka 2006 utafiti wake juu ya wimbi la mauaji la 1992 hadi 1994. Miaka ile ilikuwa ya uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi kurudi, mapigano mpakani, shilingi ikiporomoka, Ukimwi ukizika vijana ambao wazazi wao walikuwa hai. Hofu zote hizo zilikuja kwa pamoja, na nyumbani hapakuwa tena na namna ya kuzipokea ila ile moja. Ninapowasikia watu wakisema jambo hili ni la kale, la ushenzi wa mababu, nashangaa. Umati unaotembea na kiberiti na jina la mtu ni wa juzi. Mababu walikuwa na makosa yao mengine.

Oktoba 2021 ikaja zamu ya Marani. Wanawake wanne waliuawa na kuchomwa, mkubwa wao akiwa amepita miaka 80, wakilaumiwa kwa yaliyompata kijana mmoja. Marani na Kegogi ni wadi zinazopakana, zote katika eneo bunge la Kitutu Chache Kaskazini. Miaka 13 ilipita kati ya matukio hayo mawili, viongozi wakaja kwa magari wakalaani, waandishi wakapiga picha za majivu, mambo yakatulia.

Kuna jambo moja ambalo halikuwapo katika hesabu za wazee, na ambalo kizazi hiki hakina kisingizio cha kutolijua. Kumbuka jinsi mchawi anavyosimuliwa: mzee, hutoka usiku, yuko uchi, hajui kueleza alikotoka. Sasa mwulize muuguzi yeyote wa wazee dalili za ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mgonjwa huugeuza usiku kuwa mchana. Huvua nguo bila kujua. Huondoka akitafuta nyumba aliyozaliwa miaka 70 iliyopita, akaingia boma la watu akidhani ni kwa mama yake. Ukimuuliza anafanya nini hapo saa tisa za usiku, hujibu neno lisilo na kichwa wala miguu, au hucheka. Watu wetu sasa wanaishi hadi umri ambao ugonjwa huu huja. Watoto wanaofanya kazi mbali hupiga simu Jumapili na kuambiwa mama yuko sawa, anasahausahau tu. Kwa wiki nzima anayemwona mama akisahausahau ni jirani, na jirani ana maelezo yake tayari.

Katika vikao vya familia ningeliweka hilo la kwanza, kabla ya mchango wa mazishi ya nani na harusi ya nani: mama analala na nani? Mjukuu wa kulala naye, komeo upande wa ndani lisilofunguka kwa urahisi, siku ya kumpeleka hospitali ya Kisii akaonwe na daktari, na jirani aambiwe waziwazi kwamba huu ni ugonjwa, una jina, akimkuta njiani ampigie simu fulani. Hayo yanataka pesa na muda wa mwenye mama, na kwa wengi wetu ni rahisi zaidi kutuma mfuko wa sukari. Si mizimu inayodai safari hii, lakini kinachodaiwa kinatoka kule kule, katika mali ya mwenye nyumba, na kama zamani tunajitia uziwi mpaka balaa la pili.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, ni ya mwaka 1925, imejaa lugha ya kikoloni, na ina mengi ya kuchekesha, kwa kuwa inaadhibu wanaojifanya wachawi huku ikikwepa kusema kama uchawi upo. Ila ina kifungu kimoja ambacho machifu wangepaswa kukisoma kwa sauti katika kila baraza kuanzia Borabu hadi Bomachoge. Ni kosa la jinai kumwita mtu mchawi au kumtishia kwamba utamshtaki kwa uchawi. Kinachosamehewa ni kulipeleka neno hilo kwa polisi, kwa chifu, au kwa ofisa wa utawala. Aliyetunga kifungu hicho alijua tofauti ya mtu anayenong'ona kwenye kilabu cha pombe na mtu anayeingia ofisini mchana kweupe, akataja jina lake na la babake, akatia sahihi. Wa pili naye ameweka kitu mezani. Ikibainika amezua, ana mahali pa kushikwa.

Nao umati hauna sahihi. Baada ya mauaji, ukiuliza ni nani walikuwapo, kila mtu alikuwa shambani, au sokoni Nyakoe, au alisikia kelele akadhani ni wezi. Ndiyo maana kesi hizi huwapa wapelelezi taabu, na ndiyo maana neno la kwanza, lile linalotamkwa majuma kadhaa kabla ya kiberiti, ndilo lenye thamani kwa anayetaka kuzuia. Likifika kwa chifu likiwa bado changa, chifu anayeijua kazi yake hataanza kwa kuuliza habari za vyungu na moto wa usiku. Atauliza kwanza kama kuna kesi ya mpaka kati ya hao wawili, na nani mwingine atapata kipande cha shamba hilo huyo mama akiondoka.